Fungu la Ndege

Swali la kurasa hizi hatukulitunga sisi. Lilitoka kwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa tano, mtoto wa mvuvi wa Kalundu. Asubuhi moja alifika darasani na pete ndogo ya madini mepesi, akaiweka juu ya meza yetu. Kwenye pete kulikuwa na nambari na maneno haya: MUSEUM ZOOL. HELSINKI FINLAND. Aliitoa kwenye mguu wa ndege aliyenaswa juzi yake katika wavu wa baba yake. Tukamwuliza ndege mwenyewe yuko wapi. Akajibu bila wasiwasi: "Mwalimu, ndege tulishamukula." Kisha akauliza: "Ile ndege ilikuwa ya nani? Ya Wazungu wenye waliiweka pete, ao yetu sisi wenye ziwa?"

Darasa likacheka, halafu likanyamaza likitungoja. Tukatoa jibu la haraka, kama walimu tulivyozoea: ndege ni wa Mungu. Mtoto akafikiri kidogo, akasema: "Basi tulimwibia Mungu?" Kengele ikalia, tukashukuru kengele. Lakini swali halikutoka na wanafunzi. Lilibaki na sisi, na leo tunajaribu kulipa deni la somo lile.

Kwanza tuondoe jambo la pete. Pete si hati ya mali. Wataalamu wanamvisha ndege pete akiwa bado kinda ili wajue anakwenda wapi na anaishi miaka mingapi. Ni kama anwani juu ya barua, na anayemkuta ndege anaombwa kutuma nambari tu. Ndege wa mwanafunzi wetu alikuwa shakwe, yule mwenye kifua cheupe na mgongo mweusi, anayezaliwa kwenye visiwa vya bahari ya Baltiki, kule Ufini na nchi za jirani. Baridi inapokaribia kwao, anashuka mpaka kwenye maziwa yetu makubwa. Kutoka Helsinki hadi Uvira ni kama kilomita 7000 kwa mstari ulionyooka, na ndege haendi kwa mstari ulionyooka. Nambari ile hatukuiandika. Mtoto aliondoka na pete yake, na baada ya wiki ikapotea. Kosa ni letu. Barua ilifika mikononi mwa walimu, na walimu hawakuijibu.

Wageni na wenyeji

Mtu anaweza kusema: Uvira na ndege wa bahari, wapi na wapi? Lakini ndege haulizi kama maji yana chumvi. Anauliza kama kuna samaki na mahali pa kupumzisha mguu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika karibu mita 1470. Kwa macho ya shakwe, hii ni bahari.

Pamoja na shakwe wa Baltiki wanafika membe, ndege wadogo wepesi wenye mabawa ya ncha kali, wanaotoka Ulaya ya Mashariki na Asia na kutua hapa kwa makundi makubwa. Wenyeji nao wapo: shakwe wa kichwa cha kijivu, mnandi mweusi anayezama kufuata samaki kisha anaanika mabawa kama mama anayeanika nguo, mwari wa mfuko chini ya mdomo, kwazi ambaye sauti yake kila mtoto wa pwani anaijua, na mdiria wa madoa meupe na meusi anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Yupo pia yule ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Anaruka akichana uso wa maji kwa mdomo huo kama mkasi unaokata kitambaa. Huyu analala na kutaga juu ya mchanga mtupu. Mchanga ukikosekana, hana kitanda wala hana uzazi.

Hawa wote na sisi tunakaa kwenye meza moja, na chakula kikubwa cha meza hiyo ni ndagala. Tukumbuke kwamba ndagala ni wa ukoo wa sardini, ndugu wa yule tunayemnunua dukani ndani ya kopo. Aina moja ya ndagala wetu ilipelekwa Ziwa Kivu mwaka 1959, na leo watu wa Bukavu wanakula sambaza kwa sababu yake. Shakwe wa Baltiki kwao anakula samaki wa ukoo huohuo. Kwa hiyo anapofika hapa, ni kama mtu aliyesafiri mbali akakuta ugali wa nyumbani.

Je, ndege ni mwizi?

Tukikaa na wavuvi pale Kalundu, mashtaka tunayasikia wazi. Mzee mmoja alituambia: "Mwalimu, hii mandege ziko wezi. Sisi tunalala njaa, zenyewe zinakula mbele ya macho." Tusimcheke mzee. Mtu aliyerudi na ndoo nusu baada ya usiku mzima hana moyo wa kumpongeza mnandi.

Lakini mashtaka yapimwe kama katika baraza. Ndagala wanapanda juu usiku wakifuata vijidudu wanavyokula, na ndiyo sababu tunawavua usiku kwa taa. Mchana wanashuka chini. Ndege wengi wanavua mchana, na wengi wao hawazami sana. Wanachopata ni wale waliosukumwa juu na mikeke wanaowawinda kutoka chini. Wavuvi wenyewe wanajua jambo hili, maana wanapoona ndege wanazunguka mahali pamoja, wanaelekeza mtumbwi huko. Ni mwizi gani anayemwonyesha mwenye mali ghala lilipo?

Basi samaki wamekwenda wapi? Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa letu limepata joto. Maji ya juu yakiwa moto hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na mbolea ya ziwa inabaki kilindini. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula ndani ya maji umepungua karibu asilimia 20, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua karibu asilimia 30. Hilo ni la kwanza. La pili ni sisi wenyewe. Tangu miaka ya 1950, Wagiriki walipoleta hapa meli za nyavu za kuzungusha, vyombo vimeongezeka. Vita vimesukuma watu wengi pwani, na asiye na shamba salama mlimani anageukia maji. Kuna nyavu za kukokota ufukweni zinazobeba hata vifaranga, na chandarua cha mbu kilichotolewa kwa ajili ya mtoto kimeonekana kikivua watoto wa samaki. Mnandi hakushona chandarua.

Tukigeuza baraza, mashtaka ya ndege juu yetu ni marefu zaidi. Nyavu za nailoni nyembamba haonekani uzi wake ndani ya maji, na anayezama humo hapandi tena. Ndoano zilizoachwa zinanasa miguu. Matete anamoweka kiota yanakatwa na kuchomwa. Mifuko ya plastiki inashuka na mito yetu Mulongwe na Kalimabenge kila mvua inaponyesha. Kisha maji yenyewe yamebadilika. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda sana kuliko miaka mingi iliyotangulia, likafunika mchanga na kuingia kwenye nyumba za Kavimvira na Kilomoni. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo mto Mulongwe ulifurika na kutuulia ndugu. Ndege na mwanadamu wamefukuzwa ufukweni na maji yaleyale.

Upande wa Burundi, delta ya Ruzizi ni hifadhi, na mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo yenye maji ya thamani duniani kote. Upande wetu mashamba na nyumba zinafika mpaka majini. Ndege anavuka mto bila kuonyesha karatasi, na usalama wake unabadilika katikati ya mto.

Mwiko wa wazee

Hapa tunafika kwenye jambo linalohusu kijitabu chetu cha mila. Kwetu, kama katika sehemu nyingi za Afrika, kuna ndege mmoja wa maji ambaye haguswi: yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, Waswahili wa pwani ya mashariki wanamwita fundichuma. Anajenga kiota kikubwa ajabu cha vijiti, na mlango wake anausiriba kwa udongo. Sisi tulilelewa tukiambiwa kwamba anayemwua au anayebomoa kiota chake ataleta radi juu ya nyumba, au ugonjwa. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyerusha jiwe. Fundichuma aliishi kati yetu kama mzee wa mtaa.

Leo wanafunzi hawaogopi. Na nani aliwaondolea hofu? Ni sisi! Tuliwafundisha kwamba radi ni umeme wa mawingu, haitumwi na ndege. Tulifundisha ukweli, na ukweli ule ulimvua fundichuma nguo yake ya kujikinga. Hapa ndipo penye swali gumu: je, imani isiyo kweli, ikiwa inalinda kitu chema, ni halali kuiacha isimame?

Wako wenzetu wanaosema ndiyo. Acha watoto waogope, ndege wapone. Sisi hatuwezi kukubali. Mwalimu akisema uongo kwa nia njema, siku mtoto akiugundua anatupa uongo pamoja na wema uliokuwa ndani yake. Tena hofu inalinda mmoja tu. Fundichuma alipona, lakini mnandi na membe hawakuwa na radi ya kuwatetea.

Lakini pia hatukubali wale wanaosema mwiko ulikuwa ujinga mtupu. Mwiko una ganda na una kiini. Ganda ni ile hadithi ya radi. Kiini ni neno hili: si kila kilicho karibu na mkono wako ni chako. Mzee aliyepita chini ya kile kiota na kuacha mayai mahali pake alikuwa anajifunza kujizuia kila siku, hata kama sababu aliyopewa haikuwa sawa. Mtoto wa leo amepewa sababu sawa, ila hakufundishwa kujizuia. Nani kati yao ana elimu?

Kuna desturi nyingine ambayo haina uongo ndani yake. Ekipe za taa hazikuwa zinakwenda ziwani siku za mwezi mkubwa, kwa kuwa taa haishindi mbalamwezi. Siku zile nyavu zilishonwa, arusi zilipangwa, wagonjwa walitembelewa, na ndagala walipumua. Si wazee waliopanga mapumziko yale, ni mwezi. Lakini waliyapokea, hawakuyalalamikia. Walijua kwamba katika kila mwezi kuna usiku usio wao.

Mifano ya mbali

Tusidhani kwamba swali hili ni la Uvira peke yake. Kule Peru, zamani za wafalme wa Inca, mbolea ya mashamba ilitoka kwenye mavi ya ndege wa baharini yaliyorundikana visiwani. Garcilaso de la Vega, mwandishi mwenye damu ya Inca, aliandika mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba kuingia visiwani wakati wa kutaga, au kuwaua ndege hao, adhabu yake ilikuwa kifo. Ulikuwa mwiko mkali kuliko wetu. Katika karne ya 20 meli za kisasa zilivua anchovi, chakula cha ndege wale, kwa wingi usio na kipimo. Mwaka 1972 samaki walianguka, ndege walikuwa wamekwisha kufa kwa mamilioni, na wavuvi wakakosa kazi. Ndege na mvuvi walizikwa na wavu mmoja.

Mwaka 2011 watafiti walitoa katika jarida la Science kazi juu ya aina 14 za ndege wa bahari katika sehemu saba za dunia. Walitaka kujua samaki wakipungua kiasi gani ndege anashindwa kulea. Wakakuta karibu kila mahali mpaka ni mmoja: samaki wakishuka chini ya theluthi moja ya wingi wao mkubwa, makinda yanaanza kukosa. Tangu hapo wataalamu wanasema theluthi moja ni ya ndege. Utafiti ule ni wa bahari, hatuwezi kuubandika juu ya ziwa letu bila kupima. Lakini tuliposoma tulishtuka, kwa sababu wanasayansi, baada ya hesabu zote, walifika kwenye neno la mababu: fungu.

Afrika Kusini wameanza kulitumia neno hilo. Kule yupo pengwini wa Afrika, ndege asiyeruka, anayekula sardini na anchovi. Mwaka 2024 aliandikwa kati ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Meli za uvuvi na watetezi wa ndege walipelekana mahakamani, na Machi 2025 wakapatana: meli hazitavua samaki hao karibu na makao sita ya pengwini. Mapatano yalithibitishwa na mahakama Pretoria. Hakuna aliyepata yote aliyotaka. Kila upande ulikata sehemu ya sahani yake.

Na karibu zaidi nasi, katika Bahari ya Hindi upande wa Zanzibar, kuna kisiwa kidogo kitupu ambapo ndege wa bahari wanatagia. Waswahili wanakiita Fungu Kizimkazi. Katika lugha yetu fungu ni sehemu ya mtu katika mgawo, na fungu ni mchanga unaojitokeza juu ya maji. Lugha iliweka maana mbili katika neno moja, nasi tunaona zinakutana: ule mchanga ndio sehemu ya ndege katika mgawo.

Nani atoe kwanza?

Sasa tujibu wenye njaa, maana bila hilo maandishi haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, sisi tulikuwa vijana. Tulikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini, tukakaa siku nyingi kwenye matete bila unga. Tulikula mayai ya ndege. Tulikula na makinda. Hatuoni haya, na akitokea mtu wa kutuhukumu tutamwomba aje kwanza akae siku tatu pale. Mwenye kufa na njaa ana ruhusa. Hata mila zetu kali zilimfungulia mlango mgonjwa na mkimbizi.

Lakini ruhusa ya siku ya vita si sheria ya siku zote. Kinachotuumiza ni kwamba tulirudi nyumbani na tabia ya ukimbizini. Tunakata matete kama watu wanaohama kesho. Tunavua vifaranga kama watu wasiotegemea kuzaa. Vita vilituibia mali, tena vilituibia imani kwamba kesho ipo, na asiyeamini kesho hawezi kumwachia ndege kitu, wala hawezi kumwachia mtoto wake.

Kwa hiyo tunasema hivi. Fungu la ndege lisitolewe kwanza na mjane anayeokota ndagala ufukweni. Mwenye nyavu kubwa atangulie, na mwenye ekipe tano, na mwenye mamlaka ya kukataza nyavu haramu ambaye anaziona zikipita mbele ya ofisi. Nasi wasomi tutangulie, tunaonunua vifaranga sokoni kwa kuwa ni rahisi, halafu tunaandika makala. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Jambo hilo ni zito kwa maskini, na haliwezi kuwa haki bila kumfikiria atakula nini. Ila ni ile mbalamwezi ya wazee, imeandikwa sasa kwa kalamu ya serikali. Nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wao mwaka 2003. Samaki na ndege wao wameishi bila mipaka tangu zamani.

Yako na madogo yasiyongoja mkataba. Wavu uliochakaa usitupwe majini. Ndege aliyenaswa akiwa hai, akatwe nyuzi aende. Matete yakikatwa, ukanda mmoja ubaki, hasa wakati wa viota. Mwenye kuona pete aandike nambari, aipeleke kwa watafiti wa CRH hapa Uvira au kwa mwalimu wa biolojia, na mwalimu asifanye kama sisi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kilomita 7000 ametuletea habari kwamba ziwa letu bado lina chakula. Siku asiporudi, habari itakuwa nyingine, na wa kwanza kuisikia tumboni atakuwa mwenyeji.

Mwanafunzi wetu amekwisha maliza sekondari, sasa anavua na baba yake. Hatukupata kumjibu vizuri, basi tunamjibu hapa: mtoto wangu, ndege yule hakuwa wa Wazungu wa pete, wala hakuwa wetu. Alikuwa na fungu lake katika ziwa kama wewe ulivyo na lako, na hakuna kati yenu aliyelinunua. Kwa kumla siku ile hukumwibia Mungu, maana mlikuwa na njaa nyumbani. Wizi unaanza siku mtu ana ndoo tatu zilizojaa na bado anakwenda kukata matete ya mwisho.

Tulimkuta mwezi uliopita akishona wavu. Tukamwuliza kama bado ananasa ndege. Akasema: "Wananaswa, Mwalimu. Wenye wako wazima tunaachilia. Baba ananuna kidogo." Tukacheka wote wawili. Baba yake alikuwa kando, hakusema kitu, akaendelea kushona.